Mzunguko wa Mazao katika Kisiwa cha Ukara

Mkulima apandaye zao moja katika konde moja mwaka baada ya mwaka huona mavuno yakipungua kidogo kidogo, ijapokuwa mvua haikupungua wala jembe halikulegea. Jambo hili limejulikana kwa watu wa mataifa mengi tangu kale, na dawa zilizotumika ni tatu. Ya kwanza ni kuhama: konde lililochoka huachwa likaota pori, na mkulima akafyeka jingine. Ya pili ni kuilisha ardhi kwa samadi au, katika zama hizi, kwa mbolea ya viwandani. Ya tatu ni kupanda mazao kwa zamu, ili zao linalofuata lisile kile kile kilicholiwa na lililotangulia, na ikiwezekana lirudishe sehemu ya kilichochukuliwa. Dawa hii ya tatu ndiyo iitwayo mzunguko wa mazao. Vitabu vya kilimo huisifu kuliko zile mbili, na sifa hizo nyingi ni za haki. Walakini historia yake inaonyesha jambo ambalo vitabu hivyo hulipita upesi, nalo ni kwamba faida ya mzunguko huingia katika ardhi, lakini gharama yake hutoka katika mwili wa mtu. Mara nyingi watu wameijua dawa hii vizuri kabisa, kisha wakaamua kuiacha.

Katika Afrika Mashariki pengine hapana mahali panapoonyesha mambo hayo mawili pamoja, ujuzi na gharama yake, kwa uwazi kama Ukara. Kisiwa hiki kimo katika Ziwa Victoria, kaskazini ya Ukerewe, na kwa utawala ni sehemu ya Wilaya ya Ukerewe katika Mkoa wa Mwanza. Watanzania wengi walilisikia jina lake kwa huzuni tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati yake na watu zaidi ya 220 wakafa maji. Lakini kwa wataalamu wa kilimo jina la Ukara lilikuwa mashuhuri miaka mingi kabla ya msiba ule, na sababu ya umashuhuri ilikuwa makonde yake. Eneo la kisiwa ni kama kilomita za mraba 80 tu, na sehemu ya eneo hilo ni majabali matupu. Udongo uliotokana na majabali hayo ni kichanga chepesi, kisichoshika maji kwa muda mrefu wala chakula cha mimea kwa wingi. Juu ya udongo huo, katika miaka ya 1960, kila kilomita ya mraba ilibeba watu zaidi ya 200. Kilimo cha kuhama hakikuwezekana, maana hapakuwa na pa kuhamia ila majini. Hata hivyo watu walikula, tena kwa vizazi, na konde lile lile lililolimwa na babu lililimwa na mjukuu.

Walifanyaje? Zao kuu la makonde ya juu lilikuwa uwele, na kwa kawaida mzunguko ulichukua miaka mitatu. Mwaka wa kwanza konde lilitiwa samadi likapandwa uwele. Uwele ulipokuwa bado umesimama, mbegu za mmea mmoja wa jamii ya marejea zilipandwa katikati ya mashina yake. Uwele ulipovunwa, mmea ule ulibaki peke yake kondeni, ukaendelea kukua kwa unyevu uliosalia, na ulipokaribia msimu mwingine ulifukiwa ardhini mzima mzima, na majani yake na mashina yake, ili uoze. Mwaka wa pili uwele ulirudi juu ya uozo huo. Mwaka wa tatu ulikuwa zamu ya njugu mawe, aghalabu pamoja na mtama kidogo. Kisha safari ikaanza upya. Konde halikulazwa hata msimu mmoja. Mabondeni, palipokuwa na maji, walipanda mpunga, na penye nafasi palipatikana mihogo na viazi vitamu.

Msomaji ajuaye mambo ya kilimo atatambua kwamba hapa pametumika dawa mbili kwa pamoja, samadi na zamu ya mazao, tena zikaongezwa ya tatu, yaani mmea uliopandwa si kwa kuliwa bali kwa kuoza. Atauliza pia samadi ilitoka wapi katika kisiwa kisicho na malisho. Jibu lake ndilo linaloeleza maisha yote ya Ukara. Ng'ombe hawakuachwa kuzurura. Walifungwa ndani ya nyumba ya mwenyewe, katika sehemu iliyochimbwa chini kama shimo, wakatandikiwa majani, wakaletewa chakula hapo hapo walipo. Majani yalikatwa kondeni na kandokando ya njia. Majani ya miti yalipukutishwa. Mabua ya uwele yalibebwa nyumbani. Ukingoni mwa ziwa watu walichimba mashimo mpaka wakafikia maji ya chini, wakapanda humo majani ya ng'ombe, yapate kuwa mabichi hata wakati wa kiangazi. Matandiko na mavi yalikanyagwa pamoja shimoni, yakapanda juu kwa juu mpaka yakatolewa na kupelekwa kondeni. Kila familia ilikuwa na ng'ombe wachache sana, lakini hapana kilichopotea kwa ng'ombe hao.

Tena mali ilikuwa ya mtu na mtu. Konde lilikuwa na mwenyewe, aliyeweza kulirithisha na hata kuliuza. Mti ulikuwa na mwenyewe, wakati mwingine si yule mwenye ardhi uliposimama. Jambo hili si dogo. Mtu afukiaye mmea mwaka huu ili avune mwakani, na ajengaye ukuta wa mawe kuzuia udongo usiteremke na mvua, hufanya kazi hiyo akiwa na yakini kwamba mwakani konde litakuwa mikononi mwake. Pasipo yakini hiyo, mzunguko wa miaka mitatu ni ndoto. Wako washauri wa kilimo, wa zamani na wa leo, waliomfundisha mpangaji wa mwaka mmoja namna ya kupanga mazao ya miaka minne, wakashangaa asipowasikiliza.

Kwa nini njugu mawe na marejea ziliurudishia udongo nguvu, na uwele haukufanya hivyo? Wataalamu wa Ulaya walilijibu swali hili kwa kuchelewa, ingawa wakulima wao walikuwa wakifuata jibu bila ya kulijua. Waandishi wa kilimo wa Roma ya kale walikwisha sema kwamba mimea ya jamii ya kunde huistawisha ardhi. Katika miaka ya 1830 Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault, katika shamba la Bechelbronn huko Alsace, alifanya jambo ambalo hapana aliyelifanya kwa uangalifu namna hiyo kabla yake. Alipima uzito wa samadi iliyoingia kondeni na uzito wa mazao yaliyotoka, akachunguza vyote vina nini ndani yake. Aliona kwamba pale mazao ya jamii ya kunde yalipokuwa katika zamu, naitrojeni iliyovunwa ilizidi ile iliyotiwa. Ziada hiyo ilitoka wapi? Jawabu kamili lilitolewa kati ya 1886 na 1888 na Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth. Katika vinundu vidogo vya mizizi ya kunde wanaishi bakteria, na bakteria hao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mmea nao huwalipa bakteria kwa sukari yake. Mmea ukioza ardhini, sehemu ya naitrojeni ile hubaki kuwa haki ya zao linalofuata.

Hiyo ni faida moja, na ndiyo itajwayo zaidi. Lakini iko ya pili ambayo pengine ni kubwa kwa mkulima wa nafaka katika Afrika. Kila zao lina adui zake, na adui hao hukaa udongoni wakingoja lirudi. Kiduha, gugu lenye maua mazuri ya kudanganya macho, hushika mizizi ya mtama, uwele na mahindi, likanyonya maji na chakula chini ya ardhi kabla halijaonekana juu. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na huweza kukaa udongoni miaka mingi. Kiduha cha nafaka hakiishi juu ya njugu mawe. Mwaka wa njugu ni mwaka wa njaa kwa gugu hilo. Hata Uingereza, katika konde la Broadbalk huko Rothamsted, ambako ngano imepandwa tangu 1843 na mbolea za kila namna zikajaribiwa, mambo yalionekana hivyo hivyo. Mwaka 1968 konde lile liligawanywa ili sehemu zake nyingine zipate zamu ya mazao mengine, ikadhihirika kwamba ngano ifuatayo zao jingine huizidi ngano ifuatayo ngano, hata zikilishwa mbolea sawasawa, kwa kuwa ugonjwa wa mizizi umekatiwa njia. Kwa hiyo si kweli, kama walivyodhani wengine, kwamba mfuko wa mbolea umeufuta mzunguko wa mazao. Umefuta sehemu yake tu.

Ulaya inafaa kutazamwa kwa jambo jingine pia, maana huko nako mzunguko haukuja bure. Katika zama za kati vijiji vingi viliyagawa mashamba mafungu matatu, na kila mwaka fungu moja likalazwa. Yaani theluthi ya ardhi haikuzaa kitu. Wakulima wa Flanders, na baada yao wale wa Norfolk katika Uingereza, walipata njia ya kuiondoa hasara hiyo kwa zamu ya miaka minne: ngano, kisha tanipu, ambayo ni mzizi mnono wa kulisha mifugo, kisha shayiri, kisha klova, ambayo ni ndugu wa kunde. Lord Charles Townshend, aliyeacha siasa mwaka 1730 akaenda kukaa katika shamba lake la Raynham, aliishabikia tanipu hata watu wakamwita kwa jina lake. Vitabu vya shule vilizoea kumfanya mwanzilishi wa mambo yote hayo. Wanahistoria wa baadaye wameonyesha kwamba tanipu na klova zilikwisha kuwamo katika mashamba ya Norfolk katika karne ya 17, kabla yeye hajawa mtu wa kusikilizwa. Yeye aliipa sifa kazi iliyokwisha anzwa na watu wasio na majina.

Lakini tanipu haikuweza kustawi vizuri katika mashamba ya wazi, ambamo kwa desturi ng'ombe wa kijiji kizima waliachiliwa baada ya mavuno. Mwenye tanipu alihitaji ua. Katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria nyingi, kijiji kwa kijiji, za kuyazungushia ua mashamba na malisho ya wote. Wenye ardhi kubwa walipata mzunguko mpya na mavuno makubwa. Maskini aliyekuwa na ng'ombe mmoja na haki ya kumlisha katika uwanda wa kijiji alibaki bila uwanda, na mara nyingi bila ng'ombe. Hapana shaka chakula cha nchi kiliongezeka. Hapana shaka pia waliolipa gharama hawakuwa wale waliopata faida. Ukara mambo hayakwenda hivyo, kwa kuwa aliyelipa na aliyepata alikuwa mtu yule yule. Lakini gharama haikuwa ndogo kwa sababu hiyo.

Waingereza walipotawala Tanganyika, mabwana shamba wao waliiona Ukara kwa mshangao. Katika nchi ambayo wao waliilalamikia kila siku kwa udongo unaochukuliwa na mvua na mashamba yanayohamahama, walikuta kisiwa kilichofanya, bila ya kufundishwa na mzungu yeyote, mambo yote waliyotaka kuyafundisha: zizi, samadi, mbolea ya majani, ukuta wa mawe, zamu ya mazao. Mwaka 1936 jarida la Tanganyika Notes and Records, katika toleo lake la kwanza kabisa, lilichapisha makala ya D. Thornton na N. V. Rounce juu ya kilimo cha Wakara. Tangu hapo Ukara imekuwa mfano katika vitabu vya kilimo cha Afrika. Ukerewe, jirani yake, ilibahatika kumzaa Aniceti Kitereza, aliyemaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe na kuifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Humo maisha ya watu wa kale wa Ukerewe yamo kwa maneno ya wenyewe. Habari za Ukara zilizosambaa duniani zimetoka zaidi katika kalamu za wageni, na mgeni huona konde kwanza kabla hajamwona mwenye konde.

Maana wakati ule ule Ukara iliposifiwa, Wakara walikuwa wakiondoka. Kisiwa hakikuweza kubeba wote waliozaliwa humo, na waliozidi walivuka maji kwenda Ukerewe na nchi za bara za kandokando ya ziwa. Huko walikuta ardhi pana zaidi. Ingetazamiwa kwamba watu hawa, waliolelewa katika samadi na marejea, wangekuwa walimu wa majirani zao. Haikuwa hivyo. Wengi waliofika penye nafasi waliacha zizi la ndani, wakaacha kubeba samadi, wakalima kama walivyolima wenyeji: eneo kubwa, kazi nyepesi, na konde likichoka likalazwa. Aliyekuwa bingwa wa mzunguko kisiwani alikuwa mkulima wa kawaida bara, tena kwa hiari yake.

Wako walioliona jambo hili kuwa ni uvivu, au kusahau. Hesabu inakataa. Tani moja ya samadi, ikiwa kila kikapu kina kilo 25, ni safari 40 za kichwani. Na konde la uwele, likitaka kushiba, halishibi kwa tani moja. Kabla ya hizo safari 40 kuna majani yaliyokatwa na kubebwa kila siku ya mwaka kumlisha ng'ombe asiyetoka nje, kuna maji ya kumnywesha, kuna kuchimba shimo la zizi na kulitoa. Baada yake kuna kupanda marejea kwa mkono ndani ya uwele na kuyafukia kwa jembe. H. D. Ludwig, Mjerumani aliyechunguza kilimo cha Ukara katika miaka ya 1960, aliyapima mambo hayo. Mavuno ya kila ekari yalikuwa ya kuridhisha kwa udongo duni kama ule, lakini mapato ya kila saa ya kazi yalikuwa madogo. Mkara alifanya kazi mwaka mzima, na nyingi ya kazi hiyo ilikuwa ya kuizuia ardhi isishuke mahali ilipokuwa jana. Penye uhaba wa ardhi, ekari ndiyo kipimo. Penye ardhi tele, kipimo ni mgongo wa mtu, na mgongo ukipata nafuu hauitupi. Mkara aliyevuka maji hakubadili akili yake, alibadili kipimo.

Mwaka 1965 Ester Boserup, mtaalamu wa uchumi wa Denmark, alichapisha kitabu juu ya ukuaji wa kilimo, akadai kwamba watu hawaongezi kazi kondeni kwa kuwa wamepata elimu mpya. Huiongeza wanapobanwa na wingi wao wenyewe, na elimu ya kufanya hivyo mara nyingi wanayo tayari. Ukara yafaa kuwa shahidi wake. Hata hivyo nadharia hii isichukuliwe mpaka mwisho, kwa sababu watu waliobanwa si lazima wavumbue. Wengine huhama, na wengine hufa njaa. Kilichoiokoa Ukara hakikuwa kubanwa peke yake.

Serikali ya kikoloni haikuwa na subira ya nadharia. Mwaka 1947 ulianza mpango mkubwa wa kuiendeleza Usukuma, ng'ambo ya maji, na ndani ya mpango huo wakulima waliamriwa kwa sheria ndogo ndogo kufanya mengi ambayo Wakara waliyafanya kwa desturi: kutia samadi, kupiga matuta yaliyofungwa ili maji yasikimbie, kupunguza mifugo, na kadhalika. Asiyetii alitozwa faini. Udongo wa Usukuma ulikuwa kweli katika hatari. Wataalamu wa kituo cha Ukiriguru hawakusema uongo. Walakini mpango ule ule ulifungua pia ardhi mpya ya Geita, ukasafisha mapori yenye mbung'o na kuchimba mabwawa, ili watu wahamie. Kwa mkono mmoja mkulima aliambiwa abaki akalime kwa shida, na kwa mkono wa pili akafunguliwa mlango wa kulima kwa nafuu. Alichochagua kilijulikana. Pamba iliyoongezeka sana katika miaka ya 1950 ilitoka zaidi katika ardhi mpya kuliko katika samadi ya ardhi ya zamani. Amri zenyewe zikageuka kuwa chuki, na chuki ikaingia katika siasa. Chama cha TANU, kilichozaliwa mwaka 1954, kilizuiwa kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa mpaka mwaka 1958, na katikati ya miaka hiyo sheria za kilimo zilikosa wa kuzitii hata serikali ikazilegeza. Tuta lililoamriwa kwa faini halikupendwa hata pale lilipofaa, na huo ndio msiba wake.

Wingi wa watu si sababu pekee iliyowafundisha watu wa Tanzania kilimo cha zamu. Kusini, katika milima ya Wilaya ya Mbinga, Wamatengo walikuwa na mwalimu mwingine, nayo ni vita. Wangoni walipoingia nchi ya Songea katika karne ya 19, Wamatengo walisogezwa kwenye miteremko mikali, wakalazimika kulima mahali ambapo mvua moja kubwa huweza kuteremsha konde zima bondeni. Huko lilistawi ngoro. Majani hukatwa na kulazwa kwa safu zinazokatana, yakafanya miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika majani, hata mlima mzima ukaonekana kama sega la nyuki. Maji ya mvua hutuama mashimoni badala ya kukimbia, na majani huoza chini ya tuta. Maharage hupandwa kwanza juu ya matuta hayo. Yakivunwa, mahindi hufuata. Kisha konde huota majani, na ngoro huchimbwa upya. Hapa zamu ya kunde na nafaka imefungamana na umbo la ardhi lenyewe. Na hapa pia swali la gharama lina jibu lenye jinsia: wanaume hufyeka majani, na wanawake ndio wachimbao mashimo, shimo baada ya shimo, mlima juu. Kahawa ilipoingia katika karne ya 20 ikaleta fedha, ilidai mikono ile ile kwa majira yake.

Fedha ndiyo kasoro nyingine ya mzunguko wa mazao, tena ndiyo iliyo ngumu zaidi leo. Mzunguko humwamuru mkulima apande zao fulani kwa kuwa zamu yake imefika, nalo soko halijui zamu. Mwaka wa njugu mawe huja hata kama njugu hazina bei na pamba au mpunga una bei nzuri. Katika Ukara ya zamani, ambamo konde lililisha nyumba na si soko, taabu hiyo haikuonekana. Mtu anayetafuta ada ya shule na nauli ya kivuko huiona mara moja. Muhogo nao umeongeza majaribu: hukubali udongo uliochoka, huvumilia ukame, husubiri ardhini mpaka utakapohitajiwa, na haudai samadi kama uwele unavyodai. Zao lenye huruma kama hilo huivunja zamu bila ya mtu yeyote kutangaza kwamba imevunjwa. Lakini muhogo una maradhi yake, batobato na michirizi ya kahawia, ambayo hupitishwa na vipando. Na kisiwa kinachotegemea zao moja huwa na mlango mmoja tu wa kuingilia njaa.

Jitihada za kuirudisha mbolea ya majani zimekuwapo. Katika Mkoa wa Ruvuma, miaka ya 1980, Wabenediktini wa Peramiho walieneza marejea miongoni mwa wakulima, na Padre Gerold Rupper akayaandikia kijitabu. Marejea hukua upesi, hushinda magugu, na hurutubisha udongo bila ya mfuko wa mbolea kununuliwa, jambo lililokuwa na uzito katika miaka ambayo mbolea ilikuwa adimu. Shida yake ni moja: konde lililopandwa marejea peke yake halimpi mtu chakula msimu huo, na mwenye ekari moja na watoto sita hana msimu wa kuazima. Wakara waliikwepa shida hiyo kwa kuupanda mmea wao chini ya uwele, ukaanza maisha yake katika kivuli cha chakula na kuyamaliza baada ya mavuno. Njia hiyo haina mashine. Inamtaka mtu apite shina kwa shina, akiwa ameinama, mbegu mkononi, wakati uwele umekwisha kumkaribia kimo.